Daftari la Maneno ya Siri

Mtaa wa Baba Dogo,
Jumapili mchana

Mwanangu Mutinda,

Sikuulizi hali kwa sababu asubuhi hii nimekuona kwa macho yangu ukipaka viatu rangi mara mbili na kuving'arisha kwa soksi ya Baba. Mmeenda kanisani wote, Mama akiwa amebeba Biblia kubwa, na Baba akisimamishwa kwenye kila ngazi na majirani wanaotaka kukupa mkono. Leo unaombewa, kesho asubuhi unaripoti kambini. Mimi nilisema kichwa kinaniuma. Hakiumi. Nilitaka nyumba iwe tupu nikuandikie, na sasa imekuwa tupu kuliko nilivyotaka. Nasikia bomba likidondosha maji kwenye karai, basi.

Najua utatabasamu ukiona ninaandika kama mzazi. Nina miaka kumi na minane, wewe ishirini na miwili. Sijui kama unaikumbuka siku tuliyoanza jinsi ninavyoikumbuka mimi. Nyanya alipofariki kule Mwala, Baba alikwenda kuzika akarudi na wewe, ndugu yake wa mwisho, umevaa sweta ya shule iliyokufika magotini. Mimi nilikuwa na miaka minne. Kwa kuwa ni binti wa kwanza, nilipewa jina la Nyanya, Syombua, na kwetu Ukambani anayepewa jina hupewa na nafasi. Baba mwenyewe huniita mwaitu, mama yangu, tangu nilipozaliwa. Siku hiyo alikusimamisha mlangoni, akanionyesha kwako, mimi na kamasi zangu, akasema, "Mama hajaenda mbali. Huyu hapa."

Uliniangalia usoni. Kisha ukasema, "Mwaitu, nina njaa." Nikakuletea kiazi changu, nilichokuwa nimekwisha kukila nusu.

Watu wengine huyafanya mambo haya kwa mzaha. Wewe hukufanya mzaha. Ulipoifungua redio ya Mzee Wafula wa chini ukashindwa kuirudisha, Baba hakukuchapa. Alikuleta mbele yangu, nikiwa na miaka sita na nimeshika kijiko, akaniambia, "Mwambie mwanao." Nikasema usirudie, mwanangu. Ukajibu hutarudia, mwaitu. Mzee Wafula, ambaye alikuwa amekuja kudai redio yake, alivua kofia yake ya usoja wa getini na kusema kwamba mama akishasema, imekwisha. Hakuna aliyecheka. Ndipo nilipojua kwamba kazi hii ni ya kweli, na nimeifanya hadi leo, ingawa mimi ni yule yule unayemjua, mtu anayevuka barabara ili asisalimiane na kikundi cha watu.

Kwa hiyo mambo ya kila siku sitayagusa. Mama amekwisha kukuambia kuhusu soksi, mafuta ya miguu, na kutojibizana na wakubwa. Mimi nina jambo moja, na lazima ulijue kabla hujatia sahihi karatasi yoyote huko kambini. Likijulikana, huenda wakakurudisha nyumbani. Lisipojulikana, kuna mtu mwingine ataendelea kubeba mzigo ambao si wake. Mzigo huo ni wangu. Nitakueleza polepole kwa sababu kwa mdomo nimejaribu mara tatu nikashindwa.

Najua ulivyoipigania nafasi hii. Mara ya kwanza walikupima wakasema uzito haufiki, ukala ugali na parachichi mwaka mzima mpaka Mama akaanza kuficha maparachichi. Mara ya pili ulikimbia vizuri lakini nafasi zilijaa kabla ya kukufikia. Safari hii yule afisa aliuliza pale uwanjani nani amesomea kompyuta, ukainua mkono. Ulirudi nyumbani ukiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, ukaniambia kwamba baada ya mafunzo ya mwanzo, wenye vyeti kama vyako hupelekwa kulinda mitambo na mitandao ya jeshi. Nilikuwa naanika nguo. Sikuelewa, nikakuuliza mtandao unalindwaje kama ghala.

"Siku hizi adui havuki mpaka, mwaitu," ukasema. "Anakaa kwao, anakunywa chai, anakuzimia stima hospitalini."

Ukanieleza mengi siku hiyo, nami nikikupa vibanio vya nguo unishikie. Kwamba mitambo tunayotumia hatukuitengeneza sisi, kwa hiyo hatujui nani mwingine ana ufunguo wake. Kwamba ofisi nyingi zina kompyuta zilizochoka, zenye programu zilizonakiliwa bila leseni ambazo haziwezi kujilinda. Kwamba tunasomesha vijana, na wakishajua kazi wanachukuliwa na nchi zenye mishahara minono. Nikakuuliza, basi sisi tuna nini? Ukasema tuna watu. Kisha ukacheka, ukasema shida yenyewe ni hao hao watu.

Mwanangu, mmoja wa watu hao ni mimi.

Unajua nilivyoanza kazi kwa Madam Atieno. Nilimaliza kidato cha nne, nikawa nasubiri chuo, na yeye alitaka msichana wa kukaa kwenye saiba yake, duka la huduma za intaneti, pale karibu na geti la kiwanda cha rangi. Kompyuta nne, mashine moja ya fotokopi, na foleni ya wafanyakazi wakati wa chakula cha mchana. Siku hizi kila kitu cha serikali kinaombwa kwenye mtandao: cheti cha tabia njema, cheti cha kuzaliwa, namba ya kodi, leseni. Na kila kitu kinataka akaunti, na akaunti inataka neno la siri. Sasa mtu anayepakia magunia tangu alfajiri, ambaye akaunti yake anaifungua mara moja kwa mwaka, atalikumbukaje? Kulikuwa na dada mmoja wa Dandora, anachambua plastiki kule jaani, alikuja mara tatu kwa ajili ya cheti cha mtoto, na mara tatu alikuwa amesahau. Mara ya tatu aliketi kwenye benchi akalia kimyakimya, kwa sababu kila akija anapoteza siku ya kazi.

Nikamwambia, dada, nitakuandikia mimi. Nikachukua daftari kubwa, lile la jalada gumu lililokuwa na kurasa nane za hesabu za saiba, nikaanzia ya tisa kupiga mistari kwa rula. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, neno la siri. Neno lenyewe nilikuwa nawachagulia mimi, jina la ukoo na mwaka wa kuzaliwa, ili liwe rahisi. Picha za vitambulisho vyao nikaziweka kwenye kompyuta ya kwanza, ndani ya faili nililoliita Wateja. Baada ya miezi miwili watu walikuwa wakiingia na kusema tu, "Syombua, niangalizie kwa kitabu."

Nikuambie ukweli, nilifurahi. Shuleni, katika miaka minne, nadhani niliinua mkono mara mbili, na mara moja ilikuwa kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Pale saibani wanaume wazima walikuwa wakisubiri nimalize chai ili wasihudumiwe na mtu mwingine. Mzee Wafula alianza kuniita Mwalimu. Hakuna aliyeniambia kwamba ninafanya makosa. Hata wewe ulikuja nikuombee cheti cha tabia njema cha kupeleka jeshini, ukaniona nikiandika, ukawa unaongea na simu. Hukutazama nilichokuwa nikiandika.

Halafu akaja mtu mmoja aliyefunga tai shingoni.

Alikuja siku nne mfululizo. Kijana mpole, shati limenyooshwa, anachapisha karatasi chache na kuketi. Alisema yuko kwenye mafunzo ya kazi katika ofisi fulani inayosajili vijana wasio na ajira. Aliniita Madam. Aliniuliza ninawezaje kuwahudumia watu wengi hivyo bila kuchanganya, nikamwonyesha daftari. Nilimwonyesha mwenyewe, Mutinda. Akasema hajaona mpangilio mzuri namna hiyo hata huko ofisini kwao.

Siku ya nne karatasi za fotokopi ziliisha. Nikamwacha peke yake nikavuka barabara kununua rimu kwenye duka la vitabu. Niliporudi, nilimwona kupitia kioo cha mlango kabla yeye hajaniona. Daftari lilikuwa limefunguliwa, na simu yake ilikuwa juu yake, ikipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Fleshi yake ya kunakilia mafaili ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ya kwanza na taa yake inapepesa bila kukoma, ilhali karatasi aliyotaka kuchapisha ilikuwa moja.

Sikuwa na shaka. Hilo ndilo nataka ujue. Watu wakiniuliza, nitaweza kusema nilidanganywa, na ni kweli nilidanganywa siku tatu. Siku ya nne niliona. Nilisimama pale mlangoni na rimu kifuani, na sentensi ilikuwa tayari mdomoni, fupi tu: unafanya nini? Lakini yeye alikuwa na tai, na alikuwa ameniita Madam, na nilifikiria jinsi atakavyonitazama nikiwa nimekosea. Niliona aibu kwa niaba yake. Nikaburuta viatu makusudi ili asikie ninakuja. Nilipoingia daftari lilikuwa limefungwa, naye anachomoa fleshi. Akanishukuru, akaondoka. Hakurudi tena.

Nilimpa nafasi ya kuficha alichokuwa akifanya. Nimelifikiria jambo hilo kila siku tangu wakati ule. Hakuvunja chochote. Hakuwa na mashine kubwa wala akili ya ajabu. Alihitaji tu mtu ambaye angeona aibu kumuuliza, akampata.

Yaliyofuata unayajua kwa upande mmoja. Unakumbuka zile meseji zilizotumwa kwa familia za askari walio mpakani, zikijifanya zimetoka kwa wakubwa wao, zikiwataka wabonyeze mahali waandike jina la askari, kambi aliko na siku ya kurudi. Wewe ndiye uliyetuonyesha. Ulikasirika, ukasema huko ni kuuza maisha ya watu. Upande usioujua ni kwamba baadhi ya laini zilizotuma meseji hizo zilisajiliwa kwa vitambulisho vya watu wa hapa kwetu.

Wapelelezi walimchukua Mzee Wafula akiwa kazini, getini, mbele ya vijana wa zamu ya asubuhi. Walimhoji siku mbili wakamwachia, lakini wakamwambia asiende mbali. Kampuni ya ulinzi ikamwambia apumzike kwanza. Mwanzoni ploti nzima, wapangaji wote, ilimtania, nawe ulitania pia. Vijana wa ngazini walikuwa wakimwita Mzee Haka, yaani mdukuzi wa mitandao. "Niaje, Mzee Haka, nifungulie hii simu ya mamangu." Yeye mwenyewe alicheka siku ya kwanza. Baadaye mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba labda anajifanya hajui kusoma, na tangu hapo hapiti ngazini watu wakiwapo.

Alikuja saibani na karatasi aliyopewa na wapelelezi. Aliketi kwenye benchi, akasubiri watu waishe. Kisha akaniwekea karatasi mbele, akaniomba nimsomee taratibu. Nikasoma. Akasikiliza amefumba macho.

"Mwalimu," akasema, "mimi hata kuandika 'nimefika' naita mtoto aniandikie. Wewe ndiye unajua mambo yangu yote. Twende uwaambie."

Nikamwambia nitakuja. Tukapanga siku na saa. Siku hiyo ilipofika nilijifungia ndani ya choo cha saiba na kuhesabu mia moja, kisha mia nyingine, mpaka nikajua amechoka kunisubiri barabarani na ameenda peke yake.

Sijawahi kumwandikia mtu sentensi ngumu kama hiyo.

Baada yake waliitwa wengine wawili, Kasyoka wa kiwanda cha sabuni na yule dada wa Dandora. Hawa watatu hawajuani. Hawafanyi kazi pamoja, hawasali pamoja. Mahali pekee wanapokutana ni ukurasa wa tisa wa daftari langu. Nilipoligundua hilo nilimwambia Madam Atieno. Aliketi, akajipepea na risiti. Hakunigombeza hata kidogo, na afadhali angenigombeza. Aliniambia ana watoto watatu na hiyo saiba ndiyo baba yao sasa. Kisha akasema, "Choma hiyo kitabu, mtoto wangu. Sisi hatujui kitu."

Sikulichoma. Nililifunga kwa leso nikaja nalo nyumbani, na limelala chini ya godoro langu wiki ya tatu sasa.

Mstari wa mwisho wa ukurasa wa tisa ni wewe.

Jumanne ulipokuwa bafuni nilichukua simu yako, nikapiga ile namba fupi inayoonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu. Ilipaswa kuja namba moja. Zilikuja mbili. Hiyo ya pili siijui na wewe huijui. Sijui kama imetumika. Ninachojua ni kwamba kule kambini watakupa fomu ya maisha yako yote, wakuulize kama kuna jambo lolote, na wewe utaandika hakuna, kwa moyo safi. Kisha siku moja mtu atafungua kompyuta mbele yako, na itaonekana kwamba askari anayetaka kulinda mitandao ana laini asiyoisema.

Alhamisi nilikuwa nimeamua. Tulikuwa tunakula, na Baba akakuuliza wezi hawa huwa wanaingiaje. Nikaweka kijiko chini. Nilikuwa nimeshavuta pumzi.

"Hawavunji mlango, kaka," ukamjibu. "Kuna mjinga mahali amewaandikia kila kitu kwa kitabu."

Baba akacheka mpaka akakohoa. Mama akasema watu wengine Mungu amewanyima. Na mimi nilicheka, mwanangu. Pumzi niliyovuta ya kukuambia niliitumia kucheka.

Sikulaumu. Hukujua. Lakini kama kuna kitu kimoja cha mama ninachoweza kukufungia kwenye safari, ni hiki. Huko unakokwenda utakutana na karani aliyeandika neno la siri kwenye kipande cha karatasi, au koplo aliyebonyeza kitu kwa sababu aliona jina la mkewe. Wengi wao watajua wamekosea muda ule ule, kama mimi nilivyojua pale mlangoni. Watakuwa wamevuta pumzi. Ukiwa umezoea kuwacheka mezani, watacheka nawe, na adui atapata wiki tatu zaidi. Mimi nimempa wiki tatu kwa sababu ya kicheko na aibu. Sidhani kuna mashine inayoweza kunirudishia.

Ngoja kidogo, mtu anagonga.

Nimerudi. Alikuwa Mama Nekesa, mke wa Mzee Wafula. Alidhani hamjatoka, akaleta njugu karanga alizokaanga, mfuko mzima, za wewe kwenda nazo. Nikamkaribisha ndani, akakataa, akasema amemwacha mzee peke yake. Nikamuuliza mbona hawakwenda kanisani. Akasema mzee hataki, anaona watu wanamtazama hata wakati wa sala.

Akanishika mkono na kunikabidhi mfuko. "Mwambie kijana wetu asitusahau," akasema. "Akifika huko ndani, awatafute hao watu waliomchezea mzee."

Nikasema nitamwambia. Akateremka ngazi akishikilia ukuta. Nimekaa na mfuko huu mapajani kwa muda, bado una joto, nami sijaweza kuonja hata punje.

Sasa naandika haraka kwa sababu misa yenu itakwisha.

Jana nililitoa daftari. Nilitaka kuuchana ukurasa wa tisa. Nilifikiri, nikiuchana, mwanangu ataondoka salama, nami nitaweza kuwapelekea wapelelezi kurasa nyingine zote. Nilishika makali ya karatasi kwa vidole viwili, ikaanza kuachia pale kwenye uzi. Utaiona, imechanika kama urefu wa ukucha. Nikaacha. Ukurasa unaokutia wewe mashakani ndio ukurasa pekee unaoonyesha kwamba Mzee Wafula hakujua kitu, kwamba neno lake la siri lilichaguliwa na kuandikwa kwa mkono wangu, kama lako. Siwezi kukutoa wewe bila kumzika yeye. Nimeugeuza kila upande, Mutinda. Mama mzuri labda angeuchana. Sijui. Sina mtu wa kumuuliza, kwa sababu mtu ninayemuuliza mambo ya namna hii ni wewe.

Kesho ukishaondoka nitateremka kwa Mzee Wafula. Nitamwambia yeye kwanza, uso kwa uso, kwamba siku ile nilikuwa chooni. Kisha tutaenda pamoja mpaka kwenye ile ofisi ya wapelelezi, na nitaweka daftari mezani likiwa na kurasa zote. Nitawaeleza sura ya yule mtu, tai yake, siku alizokuja, na kwamba ana picha za vitambulisho vya watu karibu mia mbili wa mtaa huu ambao bado hawajui. Hao nao wanahitaji kuambiwa. Madam Atieno atanifukuza na atakuwa na haki. Huenda nikafunguliwa mashtaka, sijui sheria inasemaje. Naogopa sana. Ninaogopa zaidi kuongea na watu wale kuliko adhabu yenyewe, na hilo utalielewa wewe tu.

Kuhusu wewe, sikuagizi. Nimekuagiza mambo mengi tangu nikiwa na miaka minne na hukunikatalia hata moja, kwa hiyo leo sitaki kutumia jina la Nyanya kukulazimisha. Nakupa tu ninachokijua. Daftari litafika kwa wapelelezi kesho kabla ya adhuhuri. Ukiwaambia wakubwa wako mwenyewe, kabla ya kutia sahihi, watakuwa wamesikia kutoka kwako. Wanaweza kukuweka kando wakachunguza, wanaweza kukurudisha nyumbani na viatu vyako vilivyong'aa. Ukirudishwa, najua hutanipiga wala kunitukana. Utakuwa tu unaniita Syombua, kama watu wengine, na mimi nitaitika.

Nilipoanza barua hii nilikuwa nimepanga kuitia chini ya nguo zako, kwenye begi, katikati ya taulo na karatasi yako ya vipimo vya daktari. Ungeisoma ukiwa ndani ya lori la jeshi, mbali, na mimi nikiwa hapa nimejifunika blanketi. Hata sasa moyo wangu unataka hivyo. Lakini huko ndiko kuburuta viatu mlangoni.

Nimesikia sauti ya Baba getini, na wewe unacheka na mtu. Mnapanda. Nitakupa barua hii mkononi, mbele yao, na nitakuomba uje uisome chumbani kwangu. Nitaketi hapo kitandani kando yako mpaka ufike mstari huu. Sitatoka, sitaenda kuchota maji. Ukimaliza, niulize chochote, hata kama unakiuliza kwa hasira, na mimi nitakujibu kwa sauti.

Syombua